Nyani Aliyepimwa na Saa Yake

Jamani, hodi.

*Ingia.*

Nimekuja na uongo.

*Ukalishe tuuone.*

Na kweli kidogo imenifuata nyuma.

*Hiyo isubiri mlangoni.*

Basi tegeni masikio. Nikisema Nyani akajikuna, ninyi semeni kwaru, kwaru, kwaru. Asiyesema nitamtia kwenye hadithi, na sitampa sehemu nzuri.

Hapo kale, ila si kale sana, maana watu walikwisha kuanza kukimbia barabarani bila kufukuzwa na mtu, wanyama wa bonde la Mkwezi walikuwa na shamba moja la karanga. Walililima kwa msaragambo. Siku ya kazi, wote shambani. Siku ya mavuno, kila mmoja anapewa kwa jasho lake. Jasho hilo hawakulipima kwa chochote, waliangaliana tu. Mwenye vumbi mgongoni na udongo puani anapewa, aliyeng'aa anaambiwa arudi mwakani.

Msimamizi wa shamba alikuwa Nyani. Hakuchaguliwa. Alikuwa na meno marefu, na kila uchaguzi ulipokaribia aliyaonyesha.

Na alikuwapo Sange, kile kinyama kidogo chenye pua ndefu inayochezacheza. Alikuwa mjane na watoto watatu. Zamani walikuwa wanne. Kiangazi kilichopita njaa ilimchukua mmoja, Sange akamzika kando ya kichuguu, na tangu siku hiyo alikuwa na neno moja tu kichwani: mwaka huu nipate karanga za kutosha, nisizike tena.

Kwa hiyo alipalilia. Akapalilia jua likiwaka, akapalilia mvua ikinyesha, akapalilia hata mistari isiyokuwa yake.

Siku moja mmoja wa wale watu wanaokimbia bure akapita barabarani, saa ikamchomoka mkononi, ikaanguka kwenye majani. Nyani akaiokota. Ilikuwa na taa ya kijani tumboni, na ilikuwa inasema. Ukiivaa kwenye kifundo cha mkono, inasema, "Tii," kisha inakutajia mapigo ya moyo wako.

Nyani akawaita wote.

"Mambo ya kuangaliana migongo yamekwisha," akasema. "Anayefanya kazi, moyo wake unapiga sana. Asiyefanya kazi, moyo wake unapiga kidogo. Saa itatuambia. Na saa haisemi uongo."

Wakaanza na Ngiri. Ngiri alikuwa analima tangu alfajiri, na ngiri akilima hupiga magoti, miguu ya mbele imetulia chini, pua ndiyo inafanya kazi yote. Fuu, fuu, fuu, udongo unaruka. Wakamfunga saa kwenye mguu uliotulia.

"Tii," ikasema saa. "Sitini na mbili."

"Ulikuwa umelala," akasema Nyani.

"Nalima, Bwana Nyani," akasema Ngiri, akihema.

"Unalima usingizini."

Akaja Sange. Kamkono kake kalikuwa kembamba kama njiti, saa ikapanda mpaka kwapani, ikateremka, ikaning'inia.

"Tii," ikasema saa. "Hakuna."

"Hakuna nini?" akauliza Sange.

"Hakuna moyo," akasema Nyani. "Nenda ukautafute."

Kisha Nyani akaivaa mwenyewe. Alikuwa amelala chini ya mkwaju tangu asubuhi, na viroboto walikuwa wengi mwaka ule. Nyani akajikuna.

*Kwaru, kwaru, kwaru.*

"Tii," ikasema saa. "Mia moja na sabini."

"Mmesikia wenyewe," akasema Nyani. "Sitaki kujisifu."

Ikawa hivyo kila siku ya kazi. Ngiri analima, sitini na mbili. Sange anapalilia, hakuna. Nyani akajikuna.

*Kwaru, kwaru, kwaru.*

Mia moja na sabini.

Sange alikuwa akiwatazama watoto wake wakilala, mbavu zao zikionekana. Lakini macho yake hayakulala. Siku Nyani alipokwenda mtoni kuoga, aliivua saa akaitundika kwenye tawi la mkwaju isilowe. Upepo ukaja, tawi likacheza.

"Tii," ikasema saa. "Mia moja na ishirini."

Sange akakimbia kuwaita Ngiri na Kobe. Wakasimama chini ya mkwaju, shingo juu.

"Hii saa haihesabu moyo," akasema Sange. "Inahesabu mtikisiko. Mti una moyo?"

"Hauna," akasema Ngiri.

"Huenda unao," akasema Kobe. "Hatujawahi kuuliza."

Nyani akarudi, maji yakimdondoka, akaelezwa. Akafikiri.

"Basi mti nao umefanya kazi," akasema. "Umetoa kivuli msimu mzima. Utapata fungu lake, na kwa kuwa mimi nalala chini yake, nitautunzia."

Wanyama wakatazamana. Wakarudi kulima.

Sange akaenda nyumbani amekasirika mpaka pua imeacha kucheza. Aliona kwamba kusema saa ni ya uongo kumempatia Nyani fungu zima. Basi akaamua kuiamini. Akaamua kuiamini kuliko Nyani mwenyewe.

Siku ya mavuno ikafika. Karanga zikalundikwa katikati ya uwanja. Ngiri akapimwa, sitini na mbili, akapewa konzi moja. Kobe akapimwa, saa ikakwama kwenye gamba, akapewa ganda. Sange akapimwa.

"Tii. Hakuna."

Hakupewa kitu. Akajisogeza pembeni.

Ikawa zamu ya Nyani. Tangu asubuhi alikuwa ameegemea mkwaju, miguu imenyooshwa. Akaifunga saa, akajikuna.

*Kwaru, kwaru, kwaru.*

"Tii. Mia moja na sabini na tano."

Nyani akanyoosha mikono yote miwili kwenye lundo.

"Bwana Nyani," akasema Sange taratibu, "pole."

"Pole ya nini?"

"Pole ya moyo. Tangu asubuhi ulikuwa unafanya nini?"

"Nimekaa. Wote mmeniona nimekaa."

"Na saa imesema mia moja na sabini na tano."

"Imesema."

"Na saa haisemi uongo."

"Haisemi," akasema Nyani, kwa sauti ya mtu aliyechoka kurudia.

"Basi ndiyo yenyewe," akasema Sange. "Mjomba wangu alianza hivi hivi. Amekaa tu, hajanyanyua hata jembe, na moyo unakimbia. Tulimzika na karanga mkononi."

Nyani akaangalia saa. Akaangalia karanga. Woga ukamwasha mwili mzima, akajikuna.

*Kwaru, kwaru, kwaru.*

"Tii. Mia moja na themanini."

"Umeona," akasema Sange.

Nyani akainuka, akaenda huku na huku, mikono inapepea.

"Tii. Mia mbili."

"Usitembee, baba. Kaa. Mkono uweke gotini. Ushike na huo mwingine. Usijikune."

Nyani akakaa. Akaushika mkono kama anashika mtoto wa mwenzake. Kiroboto akapita shingoni polepole, akapita sikioni, akarudi. Nyani hakujikuna. Machozi yakamlengalenga.

"Tii," ikasema saa. "Tisini."

Wakangoja.

"Tii. Sitini na mbili."

"Nimepona," akasema Nyani kwa mnong'ono.

"Umepona," akasema Sange.

Nyani akanyoosha mkono kuchukua karanga zake.

"Tii. Mia moja na hamsini."

Akaurudisha mkono gotini upesi. "Basi nileteeni fungu langu hapa nilipo," akasema.

Kobe alikuwa mtu wa kufikiri polepole, lakini alikuwa amefika. "Sasa hivi saa inasema ngapi?" akamuuliza Nyani.

"Sitini na mbili."

"Sitini na mbili ni konzi moja," akasema Kobe. "Ngiri alipewa konzi moja."

Nyani akafungua mdomo, meno yakatoka yote. Lakini ili amng'ate Kobe ilibidi ainuke, na kuinuka ni kutikisa mkono. Akaufunga mdomo.

"Na nikiivua hii saa?" akauliza.

"Unaweza," akasema Sange. "Ni yako. Ila utajuaje kama bado uko hai?"

Nyani akafikiri muda mrefu. Akaiacha mkononi.

Wanyama wakazigawa karanga wenyewe, kila mmoja kwa alivyoonekana amelima. Sange akaburuta gunia lililomzidi ukubwa, pua mbele, mpaka shimoni. Watoto wakala wakashiba, wakalala matumbo juu. Yeye akakaa mlangoni, moyo unamwenda mbio kwa uchovu na kwa furaha, akausikiliza, na hakumwambia mtu ulikuwa unapiga mara ngapi.

Wali umekwisha, jamani.

*Na ukoko?*

Ukoko ndio funzo, mkwangue wenyewe: viheshimuni vifaa vya kisasa. Nyani aliiheshimu saa yake, hakujikuna, hakuinuka, hakula, na kila ukiiuliza inathibitisha kwamba yu hai. Ngiri na Sange hawana saa. Wananenepa, wanalima, watoto wao wanakua, lakini kama wako hai kweli, hatuna uhakika.