Kisima cha Bibi "Mimi Nani"

Paukwa!

Pakawa!

Nani huyo nyuma amejibu kama anaumwa jino? Hapana, bwana. Ukinijibu hivyo hadithi inarudi tumboni. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mmeamka. Watoto, kaeni. Na nyinyi wakubwa msijifanye mnapita tu, maana ya leo inawahusu nyinyi zaidi.

Hapo zamani za kale palikuwa na mbuga yenye mto mvivu. Masika upo, kiangazi haupo. Ukikauka umekauka, mchanga mtupu. Na wanyama wote wa pale, wakubwa kwa wadogo, waliishi kwa pua ya mnyama mmoja tu, Bibi Muhanga.

Muhanga mnamjua? Masikio ya punda, pua ya nguruwe, mgongo umepinda tangu anazaliwa. Sura hana, tusidanganyane. Lakini kucha! Kucha za kulimia shamba. Na ile pua akiiinamisha mchangani, inasikia maji yaliyolala chini kabisa. Kiangazi kikija, Bibi anatoka, pua chini, anaimba:

"Maji, maji, mko wapi?
Nawajia, msijifiche!"

Fu! Fu! Fu! Ananusa. Kwaru! Kwaru! Kwaru! Anachimba. Leo kwaru, kesho kwaru, mchanga unakuwa mweusi, halafu chwaa! Maji.

Sasa, mbuga ile ilikuwa na desturi yake. Aliyechimba kisima ndiye anayekunywa kwanza. Akinyanyua kichwa, wote wanapiga makofi, pa! pa! pa!, wanasema, "Maji ya fulani!" Basi, kisima ni chake, na kiangazi kijacho yeye ndiye anayeonyesha pa kuchimba. Desturi nyepesi kabisa. Hata Fisi aliielewa.

Bibi Muhanga ndiye aliyeisumbua.

"Bibi, kunywa. Kisima chako."

"Aa, mimi nani, jamani! Ni bahati tu. Mchanga wenyewe ulikuwa laini."

"Bibi, hujakosea hata mwaka mmoja!"

"Mimi nani! Hata mtoto angechimba."

Basi wanambembeleza. Bibi, kunywa. Aa. Bibi, tafadhali. Aa. Ndimi nje, makoo makavu, wanyama wazima wamesimama juani wanambembeleza ajuza anywe maji! Mpaka wapige magoti, ndipo anaramba kidogo, kwa ncha ya ulimi, kama analishwa dawa.

Mnadhani alikuwa hapendi sifa? Thubutu! Akifika shimoni kwake anajilaza chali, anazirudia moja moja. "Swala kasema mikono yangu ina baraka. Pundamilia kasema hajaona mwingine kama mimi." Na yule ambaye hakusema kitu, ananuniwa wiki nzima bila kujua kosa lake. Mmeguna, ee? Mnamjua mtu wa hivyo. Msimtazame, atajua tunamsema.

Rafiki yake Kanga, mwenye madoadoa na domo, alikuwa akimtania. "Shoga, wewe sifa unaila kwa mlango wa nyuma."

"Mimi nani, Kanga wee!"

"Utajijua siku ukikosa wa kukubembeleza."

Na siku ikafika. Bibi alikuwa amechimba kisima cha kumi na saba, mgongo unauma, kucha mbili zimepasuka. Maji chwaa! Wanyama wakaanza, Bibi kunywa. Bibi akaanza, aa, mimi nani. Kumbe nyuma yao kasimama Bwana Ngiri. Ngiri kijana, meno nje, mkia juu, hajawahi kuchimba hata kaburi la panya.

"Samahani, Bibi," akasema. "Umesema si wewe?"

"Si mimi, mwanangu, ni bahati tu."

"Hakina mwenyewe basi?"

Bibi akainamisha macho kwa madaha, akingoja Ngiri naye apige magoti. "Mimi nani hata niwe na kisima?"

"Ahsante!" Chubwi! Ngiri kaingiza kichwa chote. Gugu, gugu, gugu. Alipokinyanyua, maji yanamtiririka mashavuni, na wanyama wale kwa kiu waliyokuwa nayo hawakujadili. Pa! pa! pa! "Maji ya Ngiri!"

Bibi akacheka, ha ha ha, mwacheni anywe. Cheko la nje tu, ndani anaungua. Akarudi shimoni, akatega masikio yake marefu. Atakuja mtu kusema imekuwa vibaya. Atakuja Swala. Atakuja hata Fisi. Hakuja mtu. Waje kusema nini? Miaka yote wameambiwa kwa kinywa chake mwenyewe kwamba hata mtoto angechimba.

Ngiri naye, jamani, sifa zilimkolea! Akahamia kisimani. Anaingia kinyumenyume, matako ndani, uso nje, ili kila apitaye amshukuru kabla ya kunywa. Na hotuba anatoa. "Mimi nilianza kuyahisi maji haya mapema. Ni kipaji. Hakifundishwi." Wanyama wanaitikia, ndiyo, Bwana Ngiri. Kanga peke yake alikuwa akikohoa.

Kiangazi kilichofuata kilikuwa kibaya kuliko vyote. Kisima kikakauka. Wakamwendea Ngiri, maana desturi ni desturi. Ngiri akatazama huku, akatazama kule, akaona mahali penye kivuli kizuri karibu na kwake. "Hapa!"

Bibi akainusa ile ardhi. Fu! Fu! Mwamba. Mwamba mtupu mpaka chini, hakuna hata jasho la maji. Akasimama nyuma ya wote, akasema kwa sauti ya kuombea chumvi, "Labda... sijui... pengine si hapo. Lakini mimi nani."

"Bibi, umechoka, kapumzike," akasema Ngiri. Na Bibi, mwenye pua ya visima kumi na saba, akaenda kupumzika.

Wakachimba. Kwaru, kwaru, vumbi. Siku ya pili, vumbi. Siku ya nne wakagonga jiwe, ng'a! Siku ya tano Swala akakaukiwa maziwa, na mtoto wake akaacha hata kulia. Kanga akajikokota mpaka shimoni kwa Bibi, akiburura mabawa.

"Ulijua pale hakuna maji?"

"Nilijua."

"Na unajua yaliko?"

"Najua. Kule penye nyasi zilizoungua."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema kidogo. Nani angenisikiliza, Kanga? Mimi na..."

"Malizia hilo neno nikudonoe jicho!" Kanga akapandwa na hasira, kiu akaisahau. "Eti mimi nani! Unyenyekevu gani huu wa kuua watoto wa watu? Wewe si mnyenyekevu, shoga. Wewe una maringo ya kupigiwa magoti. Sasa hakuna mwenye goti la kupiga, yote yamelegea kwa kiu. Toka nje ukaseme!"

Ilimuuma Bibi, kwa sababu ilikuwa kweli. Alikuwa mzee, na katika uzee wake wote hajawahi kusema kwa sauti kubwa jambo moja jema juu yake mwenyewe. Akatoka.

Akawakuta wamelala pembeni mwa lile shimo la vumbi. Akakohoa.

"Maji yako penye nyasi zilizoungua. Nayajua, kwa sababu visima vyote kumi na saba nimevichimba mimi. Na hicho cha mwisho pia ni changu."

Ngiri akacheka. "Si ulisema ni bahati?"

"Nilisema uongo."

"Uongo?" wakauliza wote.

"Uongo. Miaka yote. Nilitaka mnibembeleze."

Fisi, ambaye naye si haba kwa uongo, akatikisa kichwa kwa heshima. Swala akanyanyuka. "Bibi, tuna nguvu za shimo moja tu. Ukikosea, mwanangu hafiki kesho. Sema tena. Una hakika?"

Eh! Hapo ndipo pagumu. Lile neno likapanda kooni, mimi nani, likafika kwenye meno. Akalirudisha.

"Nina hakika. Hakuna anayejua kazi hii kama mimi. Nifuateni."

"Maji, maji, mko wapi?
Nawajia, msijifiche!"

Kwaru! Kwaru! Kwaru! Akichoka, Fisi anashika. Fisi akichoka, Bibi anarudi. Kina kikafika shingoni, bado mchanga mkavu. Ngiri, kakaa pembeni, akasema, "Labda leo bahati haipo."

"Sina bahati mimi," akajibu Bibi bila kugeuka. "Nina pua. Chimba, Fisi."

Kwaru! Mchanga ukawa mweusi. Kwaru! Chwaa!

Unadhani Ngiri aliona haya? Huyo, mbio, keshageuka, anarudi kinyumenyume kuelekea kisimani. Bibi akasimama mbele ya matako yake.

"Ondoa hayo, bwana. Kisima kina mwenyewe."

Akamwita mtoto wa Swala kwanza. Hapana! Msinifurahie haraka. Desturi haikuwa hivyo, na Kanga akamtazama kwa lile jicho. Basi Bibi akainama, akanywa yeye. Gugu! Funda moja, kubwa, la haki, si la kuramba. Ndipo akampisha mtoto.

Pa! Pa! Pa! "Maji ya Muhanga!"

Mdomo ukamwasha. Kanga akanyoosha domo, tayari kudonoa.

"Ahsanteni," akasema Bibi Muhanga. "Ni kweli. Ni mimi." Na machozi yakamtoka mzee wa watu, maana hakujua kwamba sifa ukiipokea mkononi ni tamu kuliko ile ya kuirudia peke yako shimoni.

Halafu akaongeza, "Na kile cha mwaka juzi..."

"Tumesikia, Bibi!" wakasema wote. "Tupishe tunywe!"

Ngiri je? Nendeni mkamwone. Hata leo anaingia shimoni kinyumenyume, uso nje, anangoja kushukuriwa. Na hilo shimo kachimba Muhanga.

Mafunzo yake ni haya, na sitayazungusha. Ukisifiwa kwa kazi yako, pokea, sema ahsante. Ukisema si wewe, watu watakuamini, na yupo anayesubiri kusema ni yeye. Wenye mvi ndio nawaambia.

Hadithi yangu imetua hapo. Mnasemaje, ilikuwa nzuri? Ahsanteni. Najua.