Shoka Lililobaki Nyumbani

Wapendwa, kaeni vizuri, na wewe mwenye simu hebu iweke mfukoni.

Kulikuwa na mrina asali mmoja aliyekuwa akijiandaa kwenda porini na kaka yake. Kambi yao ilikuwa mwendo wa siku mbili kwa miguu, na huko wangekaa mwezi mzima, wakirina asali na kuchonga mizinga mipya. Mizigo waligawana: kaka abebe unga na sufuria, mdogo abebe shoka. Shoka moja tu, maana mgongo nao una kipimo chake.

Nyumbani walikuwa nalo shoka la mhunzi, zito, mnalijua. Chuma chake kimechomekwa kwenye tundu la mpini. Ukikichomoa na kukigeuza upande, shoka limekuwa tezo la kuchongea mzinga. Kazi zake ni hizo mbili, na zote linazifanya kwelikweli.

Lakini yule mdogo alipita dukani akaona shoka jipya la kambini. Jepesi, mpini wa plastiki. Kisogoni lina nyundo, ndani ya mpini kuna msumeno mdogo, kuna firimbi, kuna hadi kifungua chupa. Sasa niambieni, porini kule chupa ya nani? Akalinunua.

Kaka yake akaligeuzageuza mkononi. "Mdogo wangu, hili umelijaribu kwenye mti?"

"Kaka, lile la nyumbani linaniumiza bega. Hili hata sihisi kama nimebeba kitu."

Kaka akajitwika unga na sufuria, wakaondoka. Na mimi nawauliza ninyi: shoka tunalichagua kwa ajili ya bega, au kwa ajili ya mti?

Siku nane za kwanza, wakirina asali tu, mambo yalikwenda vizuri. Shoka lilikata kuni za chai, likagongea vigingi vya turubai, na jamaa akawa analisifia kila jioni. Siku ya tisa, asubuhi, mninga mkavu uliokuwa umeegemea mti mwingine uliporomoka, ukamwangukia kaka yake mguuni, chini ya goti. Ukambana pale pale.

Mdogo alikimbilia shoka lake. Pigo la kwanza, shoka likadunda. La pili, makali yakajikunja. La tatu, mpini ukavunjika mahali palipochimbwa ili kuweka ule msumeno. Akachukua msumeno wenyewe, ukakwama kwenye gome. Nyundo ilikuwepo. Firimbi ilikuwepo, akaipuliza mpaka midomo ikakauka, lakini ni nani wa kuisikia?

"Acha vyuma hivyo," kaka akamwambia. "Chimba chini ya mguu."

"Ardhi ni ngumu, kaka."

"Nimesema chimba."

Akachimba. Kwa kijiti, kwa sahani, kwa kucha, mpaka vidole vikatoka damu, na hakupumzika hata kidogo. Alasiri mguu ukatoka. Akambeba kaka yake mgongoni, mgongo ule ule uliokuwa hautaki uzito wa shoka, akatembea naye siku mbili mpaka hospitali. Kaka aliishi, namshukuru Mungu. Mguu haukupona, ukakatwa.

Daktari aliona vile vidole akamuuliza, "Mwezi mzima porini, na mlikwenda bila shoka?"

Yule mtu akaangalia sakafu. "Shoka tunalo, daktari. Liko nyumbani nyuma ya mlango. Nililinoa wiki ile ile tuliyoondoka."

Ndugu zangu, hapo ndipo ninapoumia. Angekuwa maskini asiye na shoka, tungemhurumia na kwenda zetu. Alikuwa nalo! Na sisi tunalo. Nani humu ndani hajui kusamehe kunafanywaje? Nani hajui kusema kweli? Tunayajua, tumeyanoa hapa Jumapili baada ya Jumapili. Lakini Jumatatu tunapofunga mizigo tunasema hili zito, litaniumiza bega kazini, litaniumiza bega mbele ya wakwe. Tunabeba jepesi: tabasamu, "Mungu akubariki," salamu za kwaya. Linafaa kwa kuni za chai. Halafu mti unamwangukia mtu wako, mke wako, mwanao, na unajikuta umeshika firimbi.

Na tazameni, wala mguu uliokatwa haukuwa wa yule aliyechagua.

Kwa hiyo sitawaombea bega lenu lisiume. Litauma. Mimi langu linauma sasa hivi, kuna mtu sijazungumza naye miezi minne, na leo nikitoka hapa naenda mlangoni kwake. Wewe je, unakwenda kwa nani? Simama, beba lile zito, twende. Amina.