Kwa Nini Mbwa Huvuta Kamba

Kabla kamba haijajua shingo ya mbwa, mbwa na mtu walitembea sambamba katika milima ya Taita, kila mmoja na mwendo wake, asiwepo wa kumvuta mwenziwe.

Siku hizo aliishi mwindaji Mwakio, mkewe Mghoi, na mbwa wao Chuma. Asubuhi moja Mghoi aliaga kwamba anakwenda mtoni kukata matete. Hakurudi. Watu waliupekua mto kutwa nzima. Mwakio, akichelea kumpoteza na mbwa pia, akamfunga Chuma kamba ya katani shingoni. Hiyo ndiyo iliyokuwa kamba ya kwanza.

Chuma akavuta. Wote walielekea mtoni, yeye akavutia kilimani. Mwakio akadhani amenusa paa, akamkaripia, akamrudisha. Kamba ilipomchuna shingo, akambadilishia mkanda mpana wa ngozi. Mbwa akavuta huku akikoroma. Siku ya pili akamshonea mkanda wenye miiba ndani. Damu ikachuruzika, na mbwa akavuta vilevile.

Majirani walisema huyo kaingiwa na wazimu, heri apelekwe kwa Wakesho, bibi aliyewafunza mbwa wa wawindaji wote.

Siku ya tatu Mwakio akampeleka, na Wakesho akaukata mkanda wa miiba. Akapitisha ukanda laini kifuani, chini ya makwapa, koo likabaki huru.

"Mwanangu, umemwuliza anakwenda wapi?"

"Bibi, mbwa naye huulizwa?"

"Huulizwa kwa miguu. Mfuate."

Wakamfuata. Chuma akawafikisha kwenye shimo la kunasia nyati, ambalo Mwakio mwenyewe alilichimba masika yaliyopita, asilifukie wala asimwambie mkewe. Chini alilala Mghoi, na matete yake na mzigo wa kuni alizookota akirudi kwa njia ya kilimani. Kuta zilijaa alama za kucha. Mwakio aliposhuka akamkumbatia, roho ilikuwa imekwisha kutoka, lakini mwili ulikuwa na joto bado.

Hakulia. Alikaa mle shimoni hadi joto lile lilipoisha.

Na tangu siku hiyo, mbwa akifungwa kamba huvuta, kwa kuwa haamini tena miguu ya mtu. Wenye mbwa huenda kwa mafundi kuuliza mkanda upi utamtuliza, wa ngozi au wa chuma, wa shingoni au wa kifuani. Naye huvuta tu, ulimi nje, kana kwamba huko mbele kuna mtu anayepoa.