Kindamba Alipoketishwa Bwawani kwa Wakwe

Sogeeni. Wa nyuma aje mbele, wa mbele akae chini, na huyo anayetafuna muwa ateme makapi mbali na miguu yangu. Mpo? Sisikii. Mpo? Haya, sasa nimesikia.

Zamani, zamani iliyo nyuma ya zamani ya babu yangu, mto wetu ulikuwa haujajua unakaa wapi. Mwaka huu unapita huku, mwaka ujao unapita kule, na kila ulipohama uliacha bwawa nyuma yake kama mtu aliyesahau mkeka. Basi katika zamani hiyo palikuwa na mtu akiitwa Kindamba. Mkitaka kujua alivyokuwa, nitazameni mimi asubuhi ninapoitafuta fimbo yangu, naipigia kelele nyumba nzima, kumbe nimeishika mkononi. Ndiyo, ni babu yetu huyo. Msicheke sana. Damu hiyo mnayo na ninyi.

Kindamba alikuwa na mambo mawili. La kwanza, hasira. Akijikwaa kwenye jiwe, alirudi kulitukana. La pili, kusema kweli. Hakuiba, hakupunja, hakusengenya. Alilokuwa nalo alikwambia usoni, tena mbele za watu, tena kwa sauti. Na hayo mawili yakikaa kifua kimoja, wanangu, nyumba haina usingizi.

Siku moja walikuja wageni. Mkewe, Sihaba, akawapikia ugali. Wageni wakala, wakashukuru. Kindamba akamega tonge, akalitazama, akasema, "Huu mbichi."

Sihaba akawaongezea wageni mboga.

"Nasema mbichi! Unga ninauona! Au wageni hamuuoni? Mnashukuru nini?"

Wageni wakatazama paa. Sihaba akanawa mikono. Alfajiri akakunja mkeka wake, akajitwika kinu chake, akaenda kwao. Na Kindamba? Kindamba alisimama mlangoni anasema na kuku: "Kwani nimesema uongo?"

Kuku hawakumjibu. Akakaa siku, akakaa tena, akaona nyumba imekuwa kubwa. Ugali wake mwenyewe ulikuwa mbichi kuliko ule. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa kusema kweli, alijiambia kweli: "Namtaka mke wangu."

Sasa nyamazeni niwaeleze desturi ya akina Sihaba, maana bila hiyo hamtaelewa kitu. Kwao, mke akirudi nyumbani kwa maudhi, mume haendi kujieleza. Maneno hayasikilizwi. Anaketishwa bwawani. Mto ukishapungua, bwawa la ukoo likifunguliwa, mume anakuja na mshipi wake, anavua kuanzia asubuhi mpaka jua lizame. Ufito, mshipi, ndoana na chelezo, basi. Wavu hapana, mkuki hapana. Na muda wote huo yeye na mkewe hawasemeshani. Wakiwa na neno, linapitia kwa bibi wa mke, anayeketi naye. Jioni baba mkwe anakuja kutazama kapu. Akikuta samaki wa mshipi, hata mmoja wa kiganja, mke anampika, wanakula, wanaondoka pamoja. Akikuta kapu tupu, mume anarudi peke yake, na kurudi tena ni mpaka mwaka mwingine bwawa lifunguliwe. Mwaka mzima! Wengine hata mwaka haukwisha, wakasikia mke kaolewa.

Basi Kindamba akafika bwawani na vifaa vyake. Alivitengeneza vyote mwenyewe, maana hakupenda kuelekezwa. Ndoana aliifua kutoka kwenye jembe bovu, nene kama kidole. Na chelezo, yaani kile kinachoelea juu ya maji kukuonyesha samaki ameshika, kilikuwa kibuyu. Kibuyu kizima! Cha kutilia asali!

Bibi Nangwe, bibi yake Sihaba, alikuwa ameshakaa. Chelezo chake kilikuwa kipande cha bua la mtama, chembamba, kifupi kama kidole cha mtoto. Akakitazama kibuyu. Akamtazama mwenye kibuyu.

"Karibu, mume wangu," akasema, kama bibi wote wanavyowatania waume wa wajukuu wao. "Umeniletea asali?"

"Hiki chelezo, Bibi."

"Ala! Na samaki wakitaka kukizamisha, waitane mtaa mzima?"

Kindamba akatia nyungunyungu kwenye ndoana, lakini akaiacha ncha yote nje, inang'aa juani.

"Ficha ncha, mume wangu."

"Siifichi."

"Samaki ataiona."

"Na aione! Mimi simdanganyi mtu, simdanganyi samaki. Anayekuja kwangu ajue anakuja kwa ndoana."

Bibi Nangwe akapiga makofi kidogo kidogo. "Yarabi! Mimi nilipoletwa kwa babu yenu, angenionyesha kila kitu siku ya kwanza, ningerudi kwetu mbio."

Wakatupa mishipi. Bua likasimama juu ya maji, jembamba, halina habari. Kibuyu kikaketi, buu!, kama mgeni aliyekuja na mizigo.

Kimya. Bua likatetemeka, likazama, Bibi Nangwe akainua, perege huyo. Akamtia kapuni. Kibuyu tuli.

Kimya tena. Bua likatetemeka, likazama, perege mwingine. Kapuni. Kibuyu tuli. Kindamba akavuta mshipi: nyungunyungu hayupo. Perege walikuwa wanamla huko chini kwa nafasi, kibuyu hakina hata habari. Akatia mwingine. Wakamla. Akatia mwingine. Wakamla.

"Wezi!" Kindamba akafoka. "Wezi wakubwa! Njooni juu mseme usoni mwangu!"

"Taratibu, mume wangu, unawashibisha mpaka wangu."

Jua likapanda. Mchana Sihaba akaja na kata ya uji kwa bibi yake. Alipita nyuma ya Kindamba kama anayepita nyuma ya kichuguu. Shingo ya Kindamba ikataka kugeuka, akaizuia. Sihaba akamwinamia bibi yake, akasema, lakini si kwa kunong'ona:

"Bibi, mwambie mwenzako chombo hicho kinavulia kiboko, na viboko wamehamia mto wa chini."

Bibi Nangwe akageuka. "Mume wangu, umesikia, au nirudie?"

"Nimesikia! Mwambie kibuyu changu mwenyewe, na hasara yangu mwenyewe!"

"Sihaba mjukuu wangu, anasema hasara yake."

"Mwambie najua. Ndiyo maana niko hapa na si kwake."

Akaondoka. Aa! Mnaona? Neno lile lilimwingia Kindamba kuliko mwiba. Na mtu wa ukoo wetu akiingiwa na mwiba hautoi, anaupiga ngumi. Akakivuta kibuyu, akakipiga gotini, pa! Kibuyu vipande viwili. Goti likavimba. Akabaki anarukaruka kwa mguu mmoja, na chelezo hana, na jua limeshaanza kushuka.

Bibi Nangwe akavunja kipande cha bua lake, akamsogezea bila kumtazama. Kindamba akalitazama bua. Ingekuwa siku nyingine angesema ataunda lake. Lakini aliliona kapu lake, halina hata magamba. Akauona mwaka mzima wa kusema na kuku. Akalichukua. Akalifunga. Na ile ncha ya ndoana… ngoja, Tunu, usinitangulie, msimulizi ni wewe au mimi? Ile ncha akaivika nyungunyungu mpaka ikapotea. Huku anasema kwa sauti, "Samaki, nawaambia mapema, humu mna ndoana! Msije mkasema sikusema!"

Bua likasimama. Likatetemeka kidogo tu, kama kope. Kindamba akavuta! Juu! Ndoana ikaruka, ikanasa matetini nyuma yake. Akaenda kuinasua, akarudi, akatupa. Likatetemeka. Akavuta! Juu! Matetini tena.

"Mbona unavuta?" Bibi Nangwe akauliza.

"Ameshika!"

"Hajashika. Anaonja. Mwache aonje. Mtu akigusa tu mlango wako wewe umeshamrukia na rungu, nani atakaa kwako?"

Kindamba akafungua mdomo ajibu. Akaufunga. Nadhani ndiyo mara ya kwanza kwa mdomo ule kufungwa na mwenyewe. Sina hakika, sikuwapo, na nisichokijua nasema sikijui.

Wakakaa. Jua likafika kwenye vichwa vya matete. Ndipo mapovu yakaanza kupanda, madogo madogo, kutoka topeni, yakija upande wa bua. Bibi Nangwe akaacha kutafuna tambuu.

"Kambale huyo," akanong'ona. "Sasa, mume wangu, ukivuta kabla sijakwambia, nakuacha."

Bua likatetemeka. Kindamba akauma mdomo. Bua likatulia. Jasho likamtoka. Bua likainuka, likalala ubavu juu ya maji, kama mtu aliyeelemewa na usingizi. Mikono ya Kindamba ikawasha kama ya mwenye upupu. Likaanza kuteleza, polepole, polepole, likaenda chini…

"Vuta!"

Akavuta! Ufito ukapinda, maji yakapasuka, akatokea kambale huyo, kichwa kama kifuniko cha chungu, ndevu kama za mzee wa baraza! Kambale kule, Kindamba huku. Kambale anavuta, Kindamba anavuta. Wakaja, wakaja, mpaka maji ya goti, karibu kabisa, na ile ndoana ya jembe bovu, ile aliyoifua mwenyewe bila kuelekezwa, ikakunjuka, ikanyooka kama sindano.

Kambale akageuka kwenda zake.

Kindamba hakufikiri. Lini sisi tulifikiri? Akajitupa! Chubwi, mzima mzima, kifudifudi topeni, akamkumbatia kambale kama ndugu waliopotezana. Wakagaagaa. Tope, magugu, mkia, miguu, huoni nani ni nani. Mwisho akasimama, mweusi tangu utosini, gugumaji kichwani kama kilemba, na kambale kifuani mwake anahema.

Wakati huohuo, juu ya ukingo, akafika Mzee Lubawa, babake Sihaba, na Sihaba nyuma yake na kapu la kupokelea. Hawakuona kilichopita. Waliona mtu, tope na samaki.

"Kumbe," akasema Mzee Lubawa, na uso ukamlainika, maana hata yeye alichoka kulisha kinywa kilichoolewa. "Mkwe wangu, samaki huyo ni wa mshipi?"

Bibi Nangwe akanong'ona haraka haraka, "Sema ndiyo. Alishika mshipi, mimi niliona. Mengine macho yangu hayaoni vizuri."

Neno moja, wanangu! Neno moja fupi, na mke anarudi. Kindamba akamtazama Sihaba. Sihaba, kwa mara ya kwanza siku ile, akamtazama yeye.

"Hapana, baba," akasema Kindamba. "Alishika mshipi, kisha ndoana ikanyooka. Mimi ndiye niliyemkamata."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa mikono."

"Kwa mikono vipi?"

"Kwa mikono, baba! Hivi!" Na Kindamba, mtu wa kuonyesha kila kitu, akaitanua mikono yote miwili kuwaonyesha.

Mmeelewa?

Akaitanua mikono!

Kambale akaanguka, chubwi! Mkia ukapiga mara moja, maji yakajifunga.

Bibi Nangwe akafumba macho. Mzee Lubawa akarudi nyuma hatua, maana alizijua habari za mkwewe. Sihaba akajikaza, kama ajikazavyo mtu anayesubiri radi. Wote walingoja afoke: amtukane kambale, alitukane bwawa, amtukane aliyeuliza. Kindamba akaitazama mikono yake, mitupu, bado imetanuka. Akayatazama maji. Kifua kikapanda. Mdomo ukafunguka.

Akacheka.

Kwanza kidogo, kama mtu anayekohoa. Kisha kicheko kikamshika, akacheka mpaka gugumaji likamwangukia machoni, akacheka mpaka akakaa chini majini, maji ya kifua, anapiga maji kwa viganja. "Hivi, baba!" anasema. "Nilimshika hivi!" Na anaitanua mikono tena. "Na Bibi, mwambie Sihaba ugali wangu mbichi kuliko wake! Kuku wenyewe wameukataa!"

Bibi Nangwe hakujiweza. Mzee Lubawa akageuza uso, mabega yanatikisika. Kisha akakumbuka ukubwa wake, akakohoa. "Lakini kapu ni tupu," akasema. "Desturi ni desturi. Mwaka ujao, mkwe."

Hapo Sihaba akaweka kapu chini. Hakumgeukia bibi yake.

"Kindamba," akasema. Yeye mwenyewe, kwa kinywa chake! "Toka majini, utaugua."

"Sihaba!" babake akashtuka. "Samaki hajapatikana!"

"Baba, samaki huyo angeliwa na nani?"

"Na wewe. Ndiyo desturi."

"Basi mimi nimeshiba. Hasira zake nazijua tangu nimeolewa, na kweli zake nazijua. Hili la leo sijawahi kuliona. Nataka nikalitazame nyumbani." Akamnyooshea Kindamba mkono. "Na ugali utapika wewe mpaka uive."

Wakaondoka vivyo hivyo, yeye msafi mbele, tope nyuma. Inasemekana Kindamba aliendelea kufoka mpaka uzee wake, lakini katikati ya kufoka alikuwa akisimama ghafla, akaitanua mikono, akacheka. Ndipo Sihaba akazaa, waliozaliwa wakazaa, na ubishi na kelele zote mnazozisikia nyumba hii zimetoka hapo.

Basi mafunzo yake ni haya, na nayasema wazi kama ninavyosema yote. Kweli iseme, usiifiche hata ikikupotezea kambale. Lakini ukishajua kuwaambia wenzako kweli, jiambie na wewe ya kwako, na ukiisikia ucheke, maana wao wameicheka zamani. Mkiniona mimi naitafuta fimbo, tuchekeni wote. Nitawafokea. Chekeni tu.

Hapo ndipo mto ulipokiacha kisa, na mimi nakiacha hapo hapo. Aliyekishika akishike kwa mikono miwili, na asiitanue kutuonyesha.