Mwadime na Kijibwa Asiyefumbua Macho

Msinicheke. Mvua imenikimbiza njiani, nimeingia humu bila kuangalia, kiza, nikainama kwa adabu zangu zote nikasema, "Shikamoo, mama!" Kumbe naliamkia gunia la mahindi. Haya, chekeni mmalize. Nimetembea nchi hii mpaka kunguni wa nyumba za wageni wananijua kwa jina, na bado sijui kumtofautisha mwenye nyumba na mavuno yake. Nyinyi endeleeni kupukuchua. Mimi mchango wangu ni mdomo.

Ngano inabisha hodi!

"Na ipite, tumeifungulia!"

Ikisita mlangoni?

"Tutaivuta mkono!"

Zamani, zamani sana, watu na wanyama walipokuwa bado wanasemezana bila kununiana, palikuwa na mkulima aitwaye Mwadime. Shamba lake la mtama lilikuwa chini ya mwamba, na juu ya mwamba walikaa nyani. Mwadime akigeuka, nyani wanashuka. Mwadime akirudi, nyani wanapanda. Akaona hapa dawa ni mbwa.

Sasa, watu wa kijiji kile walikuwa na desturi yao. Kijibwa huchukuliwa kabla hajafumbua macho, ili uso wa kwanza atakaouona uwe wa bwana wake. Ukichelewa, kijiji kizima kinakuzomea: "Huyo si wako, umeazima!"

Basi Mwadime akapanda kilima hadi kwa jirani yake, ambaye mbwa wake alikuwa amezaa. Jirani akamwambia, "Chagua." Mwadime akamnyanyua mmoja, mdogo kama kiazi, macho yamefumba.

Mama Mbwa akasema, "Mwadime, mwache kwanza."

"Akifumbua macho kwako, atakuwa wako."

"Kwani sasa ni wa nani?"

Mwadime akamtia kwenye mfuko wa ngozi, akateremka. Na huko mfukoni kijibwa akaimba:

*Sioni njia, naona baridi,*
*mama yu wapi, mama yu wapi?*

Kufika nyumbani, Mwadime akakamua maziwa ya mbuzi, akamlaza kijibwa chali mkononi kama anavyolazwa mtoto wa watu, akammiminia. Maziwa yakaingia mdomoni, yakatokea puani. Kijibwa akapaliwa, akatapatapa.

Mbuzi akapiga kelele, "We Mwadime! Unamnywesha au unamzamisha? Umewahi kuona mwanangu akinyonya chali? Mgeuze! Tumbo chini, kichwa juu, na umpe tone kwa tone!"

Mwadime akamgeuza, akachovya kitambaa, akamwekea mdomoni. Lakini kijibwa hakunyonya. Midomo yake ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Akaimba, sauti imepungua:

*Naona baridi, mama yu wapi?*

Kuku akatoa kichwa kwenye kiota chake. "Baba, unamlisha mtu anayetetemeka? Mpe joto kwanza, chakula baadaye. Hata mayai yanayajua hayo, na hayana masikio."

"Nimpe joto vipi?"

"Aatamie nani, mimi? Nina yangu kumi na moja. Keti!"

Mwadime akaketi. Mwanamume mzima, akamweka kijibwa kifuani, akajifunika ngozi ya kondoo, akaatamia. Kule mwambani nyani wakashikana mbavu: "Njooni mwone! Mwadime anataka kuangua!"

Akavumilia. Taratibu kijibwa akapata moto. Akanyonya kitambaa. Akanyonya tena. Mwadime akasema moyoni, sasa nimeshinda.

Hajashinda. Jua lilipovuka utosi, tumbo la kijibwa lilikuwa limevimba, gumu kama ngoma. Hakulia. Aliimba neno moja tu, nalo lilikatika:

*Mama...*

Na wakati huohuo nyani wakaanza kushuka.

"Paka!" Mwadime akaita, jasho linamtoka. "Paka, nduguyo anakufa!"

"Si ndugu yangu," Paka akasema, akijilamba kiganja. "Ila nitakwambia, kwa kuwa una kelele. Mtoto wa umri huo hawezi kukojoa mwenyewe. Mama yake humlamba tumboni mpaka chini ya mkia, ndipo mkojo utoke. Wewe umelamba?"

"Nilambe?"

"Basi chukua kitambaa na maji ya vuguvugu, umpanguse polepole, kama ulimi. Na usinitazame mimi. Nikimlamba mbwa, kwetu sirudi."

Shambani mtama ukasikika, kwacha! kwacha! Nyani wanavunja. Mwadime akatazama shamba. Akatazama kilichomo mkononi. Akiondoka, kijibwa anakufa. Akibaki, mtama unakwisha.

Akabaki.

Akapangusa. Kimya. Kwacha!

Akapangusa. Kimya. Kwacha! kwacha!

Akapangusa tena. Mara, paja lake likaingia moto. Mkojo! Umemlowesha mpaka gotini, na Mwadime anacheka huku machozi yanamtoka.

"Hongera," Paka akasema. "Akinyonya tena, utarudia. Na akinyonya tena, utarudia tena. Utalima lini?"

Mwadime hakungoja zaidi. Akamfunga kijibwa kifuani, akapanda kilima, kijiji kikimzomea, "Karudisha! Karudisha!"

Mama Mbwa akasimama, manyoya ya mgongo yamesimama naye. Akanusa. Akanusa tena.

"Ananuka mbuzi, ananuka moshi, ananuka wewe," Mama Mbwa akasema. Kisha akamgeuza kwa pua, akaanza kumlamba.

Kijibwa akabaki kwa mama yake, na macho akayafumbulia palepale. Lakini Mwadime alipeleka uji kila asubuhi, na kijibwa akaizoea harufu yake. Alipoacha kunyonya, alimfuata bwana wake mwenyewe hadi shambani, bila kamba. Nyani wakahama mwamba.

Funzo ni hili: anayetaka mtoto amfuate, amwache kwanza ashibe kwa mama yake. Na aliyekwisha kumtoa, asione haya kumrudisha.

Ngano nimeitua chini. Mwenye mgongo aibebe.

Enhe, Mghendi, wewe uliyejibanza kule konani, mbona koti lako linalia?

"Ni... ni kijibwa tu, bwana. Nimempata jana. Hajafumbua. Lakini nimetoka naye mbali, na mvua hii..."

Haya wapukuchuaji, tumwambieje?

"Mrudishe!"