Moyo Ambao Haukumtukana Subilaga

Sogeeni, wenye masikio. Mwenye usingizi akalale, maana kisa hiki hakibembelezi mtu.

Ipyana wa Tukuyu alikuwa na dada watatu, wote wakubwa kwake, wote wanakwaya. Lugano alijaliwa ulimi: neno likimfika kooni halilali humo. Ambwene alijaliwa kumbukumbu. Akisikia mahubiri asubuhi, jioni anakurudishia yote pamoja na kikohozi cha mchungaji. Tupokigwe alijaliwa ukimya. Hakuna aliyewahi kumsikia akimsengenya mtu, na kanisani akina mama walimpisha kiti cha mbele.

Mke wa Ipyana aliitwa Subilaga. Alikuwa amezika watoto wawili, wote wachanga.

Siku ya ubatizo wa mtoto wa jirani, wanawake walikuwa jikoni wakimenya ndizi. Subilaga alipotoka kwenda kuteka maji, Lugano, amechoka na moshi unamuuma macho, akasema, "Tumbo la wifi yetu ni kaburi. Huingia mtu, hatoki mtu." Wengine wakacheka, wengine wakainama.

Ambwene akamfuata Subilaga kisimani. "Wifi, mimi sipendi umbea, lakini hili bora ulijue." Akamwambia lote, neno kwa neno, na sauti ya Lugano akaiiga.

Subilaga akarudi jikoni, akachuchumaa karibu na Tupokigwe, aliyemwamini kuliko wote. "Dada, nawe waniona hivyo?" Tupokigwe akaendelea kumenya ndizi. Hakuinua macho.

Kumbe siku ile Subilaga alikuwa na mimba changa, hajamwambia mtu. Akaificha. Alijibana tumbo kwa kanga, kliniki hakwenda. Ipyana alipogundua na kumsihi aende, alimsimulia ya jikoni na ya kisimani, kisha akasema, "Waje kuhesabu kaburi la tatu?" Uchungu ulipomshika hakuita mwanamke yeyote. Alishuka migombani peke yake, mvua ikinyesha. Ipyana alimkuta juu ya majani makavu, damu imemwishia, na mtoto wa kike analia ndani ya kanga.

"Mtoto alelewe na dada yako," alisema kwa taabu. "Yule ambaye moyo wake haukunitukana."

Hakutaja jina. Akakata roho.

Baada ya mazishi dada watatu walikaa mbele ya Ipyana wakilia, na kilio chao kilikuwa cha kweli, tusiwaonee.

"Nilisema mimi," akasema Lugano. "Ulimi hauna mfupa, mdogo wangu. Lakini kilichokuwemo moyoni kilitoka siku ile ile kikaisha. Nani alimkanda kwa maji ya moto, uzazi wa kwanza na wa pili? Si mimi?"

"Maneno hayakuwa yangu," akasema Ambwene. "Sikuyatunga. Nilitaka amjue anayemsema."

"Na sauti uliiigia nini?" akauliza Ipyana.

"Mimi sikutamka neno," akasema Tupokigwe.

"Najua, dada. Moyoni je?"

"Niliona vile vile alivyoona Lugano," akanong'ona Tupokigwe. "Ndiyo maana sikuweza kumjibu hapana. Lakini nilifunga mdomo, Ipyana, na kila siku nikamwomba Mungu anibadilishe moyo. Wenzangu waliomba lini?"

Tangu utotoni Ipyana alifundishwa kanisani kwamba kinywa huteka moyoni, kama ndoo kisimani. Sasa aliona ndoo tatu: moja imemwagika, moja imebeba maji ya mwenzake, moja haikuteremshwa kabisa. Kisima kipi kilikuwa safi? Alitamani kuwachukia wote watatu, akashindwa. Walikuwa dada zake, na ndio waliomlea.

Mtoto akaanza kulia kwa njaa. Dada watatu wakanyoosha mikono kwa pamoja. Ipyana akasimama na mtoto kifuani, haendi mbele, harudi nyuma.

Nami namwacha hapo hapo aliposimama, kwa sababu mimi mwenyewe sijui. Ila nyinyi mmewasikia wote watatu, na mtoto bado analia. Je, wewe ungemweka mikononi mwa nani?