Mgeni Asiye na Mlango

Sogeeni karibu. Na wewe wa nyuma acha kutafuna mahindi, hadithi hii haisikilizwi kwa meno.

Walikuwepo ndugu watatu, tumbo moja. Mihambo alichonga mawe. Uso aliouchonga ukilia, nawe unatafuta leso. Kalunde alitunga nyimbo. Ukiusikia wimbo wake asubuhi, mpaka jioni unao mdomoni, upende usipende. Mahona alikuwa na mkono wa kupanda. Hata fimbo kavu akiichomeka, inachipua.

Serikali ya wakati huo ikawaita. Ilikuwa imefukia mabaki ya nyuklia ndani ya kilima, sumu isiyo na rangi wala harufu.

"Sumu hii itaishi muda mrefu kuliko lugha yetu," ofisa akasema. "Watakuja watu wasioweza kusoma maandishi yetu. Wazuieni."

"Nasi tunapata nini?" akauliza Mahona. Hakuwa mjinga yule.

"Koo zenu zitakaa hapa kulinda. Siku onyo la mmoja wenu litakapomwokoa mtu, ukoo wake utahamia bondeni, kwenye mto. Wengine watabaki."

Basi Mihambo akasimamisha mawe juu ya kilima, yenye nyuso za watu wanaokufa. Upepo ukizifuta, wajukuu wake huzichonga upya.

Kalunde akatunga wimbo, na mabinti wa ukoo wake hufundishwa wakiwa unyagoni:

*Kilimani hakuna maji,*
*yupo mgeni hana mlango.*
*Ukimfungulia hatoki,*
*anaingia ndani yako.*

Mahona akakizungushia kilima minyaa, ile yenye utomvu unaopofusha. Mmoja ukifa, wajukuu wake hupanda mwingine.

Vizazi vikapita. Ofisa akasahaulika, lakini ahadi hapana, maana karibu na kilima kile ni marufuku kuchimba kisima. Kila siku wanawake walikwenda mbali na ndoo zao, na walichoka, jamani.

Ukaja ukame. Akatokea Lubasha, mchimba visima wa mbali. Mkewe na mtoto mchanga amewaacha kivulini, midomo imewapasuka. Akaona minyaa imestawi juu ya kilima. "Penye kijani hiki maji yapo!" akasema, akaanza kukata.

Utomvu ukamrukia machoni. Akapiga yowe, akaketi, asubuhi yote ikapita haoni kitu. Kisha akaanza kupapasa njia, vidole vikagusa jiwe: mdomo wazi, mbavu, na mtoto mdogo juu ya mbavu zile. "Makaburi haya," akanong'ona. Akasogea pembeni kidogo, akainua sururu. Mwanawe alikuwa anakufa kwa kiu, angefanyaje?

Sururu ikagonga zege, kifuniko cha sumu ile. Akainua tena.

Hapo ndipo wanawake wa ukoo wa Kalunde walipopita na ndoo zao, wakiimba. Lubasha akasikiliza mpaka mwisho. Sururu ikamponyoka.

"Kaka," mmoja akamwita, "huyo unayemgongea ndiye mgeni mwenyewe. Shuka, mtoto wako tuliyemkuta kivulini apate maji."

Mtoto akanywa, akapona. Ugomvi ukaanza.

"Bila minyaa yetu angekwisha kuchimba kabla ya wimbo kupita!" wakasema wa Mahona.

"Bila jiwe letu asingepoteza muda kusogea, angekuwa ameshatoboa!" wakasema wa Mihambo.

"Na sururu ilidondoka kwa sababu ya nani?" wakauliza wa Kalunde.

Watu wa bondeni wamekubali kupokea ukoo mmoja tu, ardhi yao haitoshi zaidi. Lakini wakihama wa Mahona, nani atapanda? Wakihama wa Mihambo, nani atachonga? Wakihama wa Kalunde, nani ataimba? Na mvua mwaka huu imekawia tena, wachimba visima wengine wako njiani.

Mkokoteni umeshafungwa ng'ombe, unangoja. Je, wewe ungempandisha nani? Na baada ya hapo, ungethubutu kulala karibu na kilima kile?

Haya, wewe wa mahindi. Anza wewe.